Ugonjwa Wangu Waliuita Haya

Naandika maneno haya nikikaa na kusimama. Nikimaliza ukurasa natoka uani, naangalia kama nguo zimekauka, narudi. Ndivyo nilivyo, na sasa sioni aibu kulisema. Shangazi yangu ndiye aliyenishikilia niandike. Anasema kila harusi anayokwenda hukuta msichana mmoja amejifungia chumbani, na mama yake anawaambia wageni kwamba ana homa. Basi kama ni wewe uliyejifungia, nakuandikia wewe. Sina dawa ya kukuelekeza. Nitakueleza yaliyonipata, na wewe utachukua unachokiona chako.

Jina langu Mwanahawa, nyumbani naitwa Hawa. Nimezaliwa Bagamoyo, mtaa wa Dunda. Baba yangu alikuwa akikausha nazi za watu kuwa mbata, na harufu ya mbata haikumtoka hata siku ya Ijumaa akiwa na kanzu safi. Mama alikuwa akisuka ukili na kushona mikeka. Tulikuwa watoto wawili, mimi na kaka yangu Omari, aliyekuwa utingo wa lori lililopeleka mbata Dar es Salaam.

Ugonjwa ulianza mwaka niliohitimu msahafu. Nilikuwa na sauti nzuri, kila mtu chuoni alijua, na mke wa mwalimu wetu akanichagua niongoze kasida katika maulidi ya wasichana, mwezi wa Mfungo Sita. Nilijizoeza hata nikawa naiimba usingizini. Siku ilipofika nikavishwa nguo nyeupe, nikasimama mbele ya akina mama waliokaa kwenye majamvi. Wote wakaninyamazia. Ndipo nilipoona macho. Sijui nikuelezeje. Siku zote watu wana macho, lakini siku ile niliyaona. Uso ukaniwaka moto, mikono ikawa baridi, ulimi ukashikamana na kaakaa. Moyo ulikuwa ukinipiga masikioni kwa nguvu, nikadhani wanausikia. Nilifungua kinywa, kikatoka kitu kama kikohozi. Kisha nikatapika kwenye ile nguo nyeupe, nikakimbia.

Watu walisema nimekula kitu kibaya. Mimi nikaamini hivyo kwa wiki nzima, mpaka nilipotumwa chumvi dukani na jambo lile lile likanishika mlangoni pa duka, na mbele yangu palikuwa na mtu mmoja tu, Mhindi mwenye duka, ambaye amenijua tangu nabebwa mgongoni.

Baada ya hapo nikavunja ungo, nikawekwa ndani, kama walivyowekwa wasichana wa rika langu. Wenzangu walilalamika. Walichungulia madirishani, walitafuta visingizio vya kwenda kwa jirani wakiwa wamejitanda kanga mbili. Mimi sikulalamika. Nilifurahi kama mtu aliyeingia kivulini. Wageni wakibisha hodi, nilikuwa nimeshafika chumba cha mwisho kabla mama hajasema karibu. Na akina mama wakamwambia mama yangu: "Bi Asha, wewe una binti. Wetu sisi wameharibika, lakini huyu wako ana haya!" Mama akawa anatembea kifua mbele kwa sababu yangu. Je, ningemwambiaje kwamba haikuwa haya?

Haya hukufanya uinamishe macho. Haikukoseshi usingizi kwa sababu kesho mtu atakuja kuchukua mkeka wake. Nilikuwa nikijua siku za wageni kama mkulima anavyojua siku za mvua, na tumbo langu lilianza kusokota tangu siku iliyotangulia. Nikaacha kula mbele ya watu, kwa sababu mkono ulitetemeka nikipeleka tonge mdomoni, kisha nikaacha kula na baba na kaka pia, nikawa nakula mabaki jikoni nimesimama, haraka, kama mwizi. Masika yale na kipupwe kilichofuata nilikonda mpaka bangili zikawa zinanitoka zenyewe. Nywele zilibaki kwenye kitana. Siku zangu zikakatika miezi na miezi, mama akaniangalia kwa jicho baya, kisha akaona aibu ya kuniwazia hivyo, kwani mimi sikuwa nimekutana na mtu yeyote. Na mchana kutwa nilikuwa natembea. Kutoka chumbani hadi kisimani, kutoka kisimani hadi chumbani. Baba alisema nitachimba mfereji.

Ugonjwa ulidumu hivyo mpaka walipokuja watu kunitazama. Walikuwa wazee wa kike kutoka familia ya watu wema, wana mtoto wao wa kiume anayetafuta mke. Mama alinipaka wanja, akanipa sinia la kahawa, akaniambia, "Ingia, toa shikamoo, weka sinia, toka. Hayo tu, mwanangu." Nikaingia. Nikasema shikamooni. Wakaitikia marahaba, na mmoja akasema, "Hebu inua uso tukuone." Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Nilivisikia vikigongana na sikuweza kuvizuia. Nikaona mlango unasogea mbali. Nilipozinduka nilikuwa chini, kahawa imenimwagikia, na yule mzee alikuwa anajifunga buibui huku akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, nami naisikia, "Kifafa hicho."

Walipoondoka mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa kwenye kinu akasema, "Hawa, umenivunja uso." Kisha akalia. Hapo ndipo nilipohesabika kuwa mgonjwa.

Tulianza na kombe. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, mama akaziosha kwa maji ya waridi, nikanywa asubuhi na jioni. Nilipenda kombe. Lilikuwa linanukia vizuri na hapakuwa na mtu wa kuniangalia nikinywa. Kwa wiki chache nililala vizuri. Lakini wageni walipokuja tena, mambo yakawa yale yale.

Kiangazi, maembe yalipoiva, Omari akanipeleka mimi na mama kwa mganga wa kijiji cha Kerege, tukiwa juu ya magunia ya mbata. Mganga alikuwa mwanamke mpole, sina ubaya naye. Lakini tiba yake ilikuwa ngoma. Nilikalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja, nikafunikwa shuka, nikafukizwa, na kijiji kizima kikaja kunizunguka wakipiga makofi, wakimngoja pepo aseme jina lake. Fikiria. Mtu anayeogopa macho kuwekwa katikati ya kijiji! Chini ya ile shuka nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana, nao wakashangilia, wakadhani pepo anapanda. "Sema! Sema jina lako!" Hakusema. Kama kweli alikuwepo, basi naye alikuwa na ugonjwa wangu.

Tuliporudi nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyokwenda. Baba akasema imetosha, twende hospitali.

Hospitali ya mjini kwetu walikuwa wanakaa kwenye mabenchi marefu barazani, wagonjwa wametazamana. Kila aliyekuja nyuma yangu nilimpisha. "Tangulia mama, tangulia bibi." Watu waliniona nina adabu. Saa zilipita, jua likahama kutoka benchi moja hadi jingine, daktari akafunga mlango, nikarudi nyumbani bila kuonwa. Mara ya pili nikafanya hivyo hivyo. Mara ya tatu bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu alikaa karibu yangu. Alikuwa akimenya chungwa. Bila kunigeukia, akitazama ukutani, akaniwekea nusu yake juu ya paja langu, akasema, "Wewe hupendi kutazamwa. Mimi sikutazami. Kula." Nikala. Kilikuwa chakula cha kwanza nilichokula karibu na mtu nisiyemjua kwa muda mrefu sana, na mpaka leo namwombea dua, ingawa jina lake sikuuliza. Yeye ndiye aliyemwita dresa, yule mfunga vidonda, akamwambia, "Huyu mtoto hataingia kamwe ukimwacha hapa." Dresa akanipeleka kungojea kando, nyuma ya chumba wanachochemshia sindano, nikawa naangalia mvuke tu.

Nilipewa matone machungu ya kuongeza hamu ya kula, na barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam, kwani waliona mapigo ya moyo wangu yanakwenda mbio mno.

Tulikwenda baba, mimi na Omari. Daktari wa huko alikuwa mtu wa makamo, hakuwa na maneno mengi. Aliweka kile kipimo cha masikioni kifuani kwangu, akasikiliza, akakunja uso. Kisha akafanya jambo nisilolitegemea. Aliwaambia baba na Omari watoke, naye mwenyewe akatoka. Akabaki nesi mmoja mtu mzima, ananishika kifundo cha mkono, anaangalia dirishani, ananihadithia habari za mihogo yake iliyoliwa na nguruwe. Nilianza hata kumwonea huruma kwa ile mihogo. Baada ya muda akaenda mlangoni, akasema, "Daktari, sasa unakwenda polepole." Wakaingia wote kwa pamoja, baba, Omari, daktari na wanafunzi wake wawili, na moyo wangu ukaruka. Daktari akaweka kipimo kifuani, kisha akakitoa masikioni mwake akamvisha baba yangu.

"Sikiliza, mzee."

Baba alisikiliza. Sitasahau uso wake. Mtu mkubwa, na kofia yake ya kudarizi, ameinama anausikiliza moyo wa binti yake.

"Moyo wenyewe mzima," daktari akasema. "Hana kifafa. Anaogopa watu, na hofu hiyo imekuwa ugonjwa. Dawa ya chupa sina. Azoeshwe kidogo kidogo, na msimlazimishe."

Njiani kurudi Omari alicheka. "Kuogopa watu nao ni ugonjwa? Basi na mimi ninayeogopa simba nilazwe!"

"Nyamaza," baba akasema. Lori likarukaruka mwendo mrefu, kisha baba akasema bila kunigeukia: "Nimekusikia, mwanangu. Kama mtu anayekimbizwa." Nililia chini ya ushungi. Nilikuwa na miaka mitatu ya kukimbizwa, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyesikia.

Msimlazimishe, alisema daktari. Lakini azoeshwe, alisema pia, na hapo nyumbani hakuna aliyejua pa kuanzia. Mama aliona jina jipya baya kuliko la zamani. Kifafa angalau watu wanakijua.

Baada ya mvua za vuli akaja shangazi. Shangazi Hidaya ni dada yake baba, mkubwa kwake. Alikuwa ameachika Dar es Salaam, akarudi na sanduku moja na kinanda cha Kihindi, kile cha kupepea kwa mkono. Huko Kariakoo alikuwa akienda kutazama picha za sinema za Kihindi siku za akina mama, na zilikuwa zimemwingia damuni. "Wifi," alimwambia mama, "wale watu mtu akipenda anaimba, akifiwa anaimba, akigombana na mkwewe anaimba! Na sisi tuna nini? Tuna matari tunapiga, tunakula pilau, tunarudi nyumbani." Hakukaa mwezi akawa amekusanya akina mama wa mtaa, akawaambia kwamba Idi inayokuja watacheza mchezo wa kuimba, tangu mwanzo hadi mwisho, wanawake watupu, katika ua wa Bi Salama karibu na soko.

Mazoezi yakawa kwetu, ukumbini, kila siku alasiri. Unaweza kufikiri hali yangu. Nilifunga mlango wa chumba nikajaza nguo kwenye upenyo wa chini. Lakini masikio hayana mlango. Nikaanza kusikia hadithi. Ilikuwa habari ya msichana anayeogopa watu. Mama yake anataka kumwoza, wageni wanakuja, anaangusha sinia.

Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo. Mikono ikasimama.

Aliyecheza msichana huyo alikuwa Zuhura, mke kijana wa jirani yetu, mcheshi, asiyemwogopa mtu wala mnyama. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa anatetemeka mwili mzima kama kuku aliyemwagiwa maji, macho ameyatoa, magoti yanagongana, anaimba kwa sauti ya kitoto, na akina mama wanacheka mpaka wanafuta machozi. Hata shangazi juu ya kinanda chake alikuwa anacheka.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nimesimama katikati ya ukumbi, ungo mkononi.

"Sivyo!"

Kinanda kikanyamaza.

"Hatetemeki hivyo," nikasema. "Akitetemeka hivyo si watamwona? Anaficha. Mikono anaiweka ndani ya kanga, hivi, anajifinya kiganjani mpaka kinauma. Anacheka kabla ya wengine hawajacheka, ili wasimuulize kitu. Na hamwangalii mtu, anaangalia mlango. Kila mahali anapokaa anajua mlango uko wapi." Nikawaonyesha. Nilikuwa nawaonyesha, kisha nikatambua kwamba wapo, wote, na macho yao. Ungo ukanitoka. Mchele ukamwagika sakafuni nami nikarudi chumbani nikajifungia, nikakaa nyuma ya mlango nahema.

Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Nilisikia mchele unazolewa, kisha mtu akaja akakaa chini upande wa pili wa mlango.

"Dada Hawa," Zuhura akasema. "Mikono akishaificha, halafu?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli. Akangoja. Mwishowe nikamwambia kupitia mlangoni: "Halafu anahesabu." "Anahesabu nini?" "Chochote. Boriti za dari."

"Mh," akasema. "Pole, mwenzangu. Sikujua."

Jioni ile mama na shangazi waligombana kama sijawahi kusikia.

"Umemvua nguo mwanangu mbele za watu, wifi!"

"Nimetaja jina lake?"

"Mtaa mzima una mwari mmoja tu wa namna hiyo! Utamtaja mara ngapi?"

Shangazi akaja mlangoni kwangu akasema, "Nimekosa, mwanangu. Nilikuwa naona hadithi, sikukuona wewe. Mchezo nauacha." Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilitaka kusema ndiyo, uache, uchome moto. Lakini nilikuwa nimeshaona kitu kwenye ule ufa. Nilikuwa nimeuona ugonjwa wangu ukiwa nje yangu, umesimama sakafuni, unazungumzwa. Umechezwa vibaya, lakini umeonekana. Nikasema, "Usiuache. Urekebishe."

Kesho yake Zuhura akaja na lake. "Shangazi, mimi sehemu hii siiwezi. Mimi siogopi, naigiza tu. Mwenye wimbo wake yuko nyuma ya mlango."

"Asimame mbele ya wanawake wa mji mzima?" mama akasema. "Halafu nani atamposa?"

Baba alikuwa ukumbini anakunywa chai. "Kwani hivi sasa nani anamposa?" akauliza. Lilikuwa neno kali, na lilimuuma yeye mwenyewe kulisema, nilimwona. Kisha akaongeza, "Muulizeni mwenyewe."

Kinywa changu kikasema nitajaribu. Mwili ulisema hapana, na usiku na mchana uliendelea kusema hapana.

Mazoezi yaliyofuata yaliangukia Ramadhani. Wakati wa alasiri, njaa imetuzidi, futari inanukia jikoni, shangazi alinizoesha kwa namna yake. Kwanza niliimba chumbani, mlango umefungwa, wao wako ukumbini. Siku nyingine mlango ukarudishwa tu. Kisha nikaimba kizingitini, nimewapa mgongo, nikiangalia kitanda changu. Siku ya kugeuka nilimwangalia Zuhura peke yake, naye alikuwa anapepesa macho pembeni makusudi, anajikuna pua, ili asinitazame sana. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma. Kulikuwa na siku nilizokataa kutoka kabisa, nao wakafanya mazoezi bila mimi. Maneno ya wimbo wa msichana niliyatunga mwenyewe, nikimsaidia mama kukuna nazi:

*Mlango msifungue, nitatoka peke yangu,*
*Macho yenu yapungue, yananichoma, wenzangu.*

Mama aliyasikia, akaendelea kukuna nazi.

Siku ya pili ya Idi, baada ya adhuhuri, tulikwenda kwa Bi Salama. Ua ulikuwa umejaa kanga mpya mpaka ukutani, watoto juu ya magoti, udi unafukizwa. Nilikuwa nimetapika mara mbili tangu asubuhi. Shangazi akanishika bega. "Ukitaka turudi, tunarudi sasa hivi." Alikuwa anasema kweli, na nadhani ndiyo sababu sikurudi.

Mwanzo ulikwenda. Niliingia na sinia, vikombe vikagongana, na safari hii vilitakiwa vigongane. Wageni wa kwenye mchezo wakaimba maneno yao, ua ukacheka panapochekwa. Kisha matari yakanyamaza, kinanda kikapiga yale mapigo ya kuniita, na ilikuwa zamu yangu.

Koo likafunga.

Kinanda kikapiga tena. Nikafungua kinywa, hakuna. Uso ukawaka. Nikautafuta mlango wa ua, nikauona, ulikuwa wazi, na nikajua miguu yangu inaweza kufika. Nyuma kabisa msichana mmoja akacheka. Mtu akamwambia, "Ebo, hebu mwache." Nikaingiza mikono ndani ya kanga. Nikajifinya. Nikahesabu minazi iliyochomoza juu ya ukuta. Wote wakanyamaza, na nikaona kwamba hawakujua kama nimeshindwa au ndivyo mchezo ulivyo. Kwa kweli ndivyo ulivyokuwa. Sikuwa naigiza kitu.

Zuhura, aliyekuwa amefanywa jirani katika mchezo, akaja akakaa chini karibu nami, akanipa ubavu. Jambo hilo halikuwamo kwenye mchezo. Akaimba polepole, kama mtu anayeongea na aliye chumbani: "Mlango tusifungue?"

Nikajibu. Sauti ilitoka ndogo, imekwaruza, nusu ya kwanza hakuna aliyeisikia zaidi ya Zuhura. Nusu ya pili wakaisikia. Nilipofika "yananichoma, wenzangu," nilisikia mwanamke mmoja katikati ya ua akivuta pumzi kama aliyeshikwa na kichomi. Sikuimba vizuri kama siku za chuo. Nilikosea ubeti mmoja. Lakini niliufikisha mwisho, na mchezo ukaendelea mpaka ulipokwisha, na vigelegele vikapigwa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika mara ya tatu.

Sikupona siku ile, usije ukadhani. Kesho yake alikuja mgeni nikajificha. Lakini nilitoka kabla hajaondoka, nikamsalimia. Masika yaliyofuata nilikuwa nala na wazazi wangu. Kiangazi kilipofika nilikwenda dukani mwenyewe, nikarudi bila chumvi, nikaenda tena. Siku zangu zilirudi, nywele zikajaa. Nimeolewa, Alhamdulillahi, na mtu aliyeambiwa kila kitu kabla, maana baba alikataa ugonjwa wangu ufichwe. Mpaka leo moyo hunikimbia nikisikia hodi, na ipo mikusanyiko ninayoikwepa. Waliokuja kuninong'oneza baada ya mchezo kwamba nao wako hivyo, mmoja mmoja, wengine wazee wenye wajukuu, walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na mmoja alitoka Vigwaza kwa ajili hiyo tu. Kwa hiyo hauko peke yako, na huna kifafa, na si lazima awe pepo. Mwombe mmoja unayemwamini akae upande wa pili wa mlango. Anza na huyo.

Lakini kitu nilichotaka hasa kukueleza kilitokea jioni ile ile ya Idi, tukirudi nyumbani.

Shangazi alibaki na wenzake kukusanya vyombo. Tukatoka mama na mimi tu. Hakuwa amesema lolote tangu mchezo uishe, na mimi nilidhani nimemvunja uso kwa mara ya pili. Akaniongoza kwa uchochoro wa nyuma ya nyumba za Wahindi, njia ndefu, isiyo na watu. Tukatembea. Kisha akasema, akiangalia mbele, "Lile jambo la kutafuta mlango uko wapi."

"Naam, mama."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

Akatembea tena kidogo. "Mimi tangu niolewe sijaingia sokoni. Unajua?"

Sikujua. Nilikuwa najua tu kwamba baba ndiye anayeleta vitu. Nilidhani ni mapenzi ya baba.

"Nilipofiwa na mama yangu," akasema, "nilishindwa kukaa matangani. Nikasema naumwa kichwa. Mama yangu mzazi, Hawa." Sauti yake ikakatika. "Mimi nilidhani ndivyo watu wote walivyo. Nilidhani wenzangu wanavumilia tu kuliko mimi. Wewe ulipokuwa unajificha, nikasema basi, huyu wangu, atajifunza kuvumilia."

Tulikuwa tumesimama. Nikamshika mkono, na kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa, sawasawa na changu.

Hapo wakatokea mwisho wa uchochoro akina mama wanne watano na watoto wao, nguo za Idi, wanakuja upande wetu wanaongea kwa sauti. Njia ilikuwa nyembamba, hakuna pa kupindia. Mama akasimama kama kigingi. Nikausikia mkono wake unavuta kurudi tulikotoka.

"Tufanyeje?" akaninong'oneza. Mama yangu ananiuliza mimi.

"Tutawasalimia, mama," nikasema. "Halafu watapita."

Wakafika. Midomo yangu ilikuwa imekauka. "Shikamooni," nikasema, na mama pembeni yangu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasema, "Idi mubaraka, jamani."

"Marahaba, mwanangu! Idi mubaraka, Bi Asha!" wakaitikia. Mmoja akamgusa mama begani.

Wakapita.